Nani Alilipa Kiingilio?

Nilipokuwa na miaka kumi niliamini kwamba viumbe wa sayari nyingine huja duniani kutafuta dhahabu. Sikulisoma hilo popote. Niliambiwa na mtu mwenye kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, ndani ya banda la video pale Nyarugusu, mwaka 2000. Na kwa kuwa karibu kila mtu Nyarugusu alikuwa amekuja kwa ajili ya dhahabu, sikuona kwa nini hao wa mbinguni wawe na shida nyingine.

Hebu niweke jambo moja sawa, maana kila nikitaja kwetu watu wa Dar wananipa pole. Nyarugusu ninayoisema siyo kambi ya wakimbizi. Ile iko Kasulu, Kigoma, na ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo. Yangu mimi iko Geita, enzi hizo ikiwa bado ni wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Geita kuwa mkoa ni mambo ya 2012. Ni mji wa machimbo. Makarasha yanasaga mawe usiku na mchana, akina mama wanatwanga kwenye vinu vya chuma, na vumbi la mawe linakaa juu ya mabati mpaka mvua ije ilioshe. Wasukuma, Waha, Wajita, Wakurya, Wanyiramba, wote utawakuta pale, na ukimuuliza mtu "kwenu wapi" hakutajii Nyarugusu hata kama ana miaka kumi na tano yuko hapo.

Filamu yenyewe ni E.T. the Extra-Terrestrial, ya Steven Spielberg, iliyotoka Marekani mwaka 1982, miaka minane kabla sijazaliwa. Ilikuja kuwa filamu iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote duniani mpaka Jurassic Park, ya bwana huyo huyo, ilipoivua taji mwaka 1993. Sisi hayo hatukuyajua. Tulijua tu kwamba ubao wa chaki nje ya banda umeandikwa ITI MTOTO WA ANGANI, wakubwa shilingi mia, watoto hamsini, na kwamba watoto hawakai kwenye mabenchi bali chini, mbele kabisa, shingo zimepinda kama za bata wanaotazama mwewe.

Mkanda ulikuwa wa Kiingereza, kwa hiyo kulikuwa na mkalimani. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Nairobi wana DJ Afro, Kampala wana ma-VJ wao. Wa kwetu hakuwa na jina hata robo ya hao. Mchana alikuwa mchimbaji kama wengine, jioni anaoga, anashika kipaza sauti. Kiingereza chake, nimekuja kugundua baadaye, kilikuwa kidogo sana. Lakini mdomo alikuwa nao. Kwa mujibu wake chombo kile kinachotua msituni kilikuwa cha wapimaji wa madini kutoka angani. Mmoja wao akachelewa kupanda, wenzake wakasikia askari wanakuja, wakamwacha. Wale watu wenye mashada ya funguo yanayolia kiunoni wakawa maafisa wa madini wanaomsaka mchimbaji asiye na leseni. Na yule mama mwenye watoto watatu, mume wake yuko wapi? "Ameenda machimbo ya mbali," akasema mkalimani, "na huko kapata mwanamke mwingine." Akina mama waliokaa nyuma wakaguna. Kumbe hapo alikaribia sana ukweli: kwenye filamu baba wa mtoto Elliott yuko Mexico na mwanamke mwingine. Tofauti ni machimbo tu.

Nimeisimulia hadithi hii mara nyingi. Nimeisimulia chuoni, kwenye daladala, kwenye mikutano ya waandishi chipukizi, na kila mara watu hucheka pale pale ninapotaka wacheke. Baiskeli inapaa mbele ya mwezi, banda zima linasimama, mzee mmoja anapiga kelele "ameruka na mtoto wa watu!" Harufu ya petroli ya jenereta, karanga kwenye karatasi ya daftari, mbu. Utoto mtamu wa maskini. Msomaji, wewe nawe unao wako, na kama unaandika, basi umeshauandika au unapanga kuuandika. Sisi tunaoandika tuna ugonjwa huu. Tukikosa la kusema tunarudi utotoni kuchota, kana kwamba kule kuna kisima kisicho na mwenyewe.

Swali langu ni hili: kisima kile ni cha nani? Je, ni halali kuukumbuka kwa raha utoto ambao mwingine ndiye aliyeulipia?

Katika masimulizi yangu kuna mtu huwa simtaji. Alikuwa rafiki yangu, ana miaka kumi na mitatu hivi, amekuja Nyarugusu akiwa amefuatana na mjomba wake kutoka upande wa Kibondo. Mjomba akahamia machimbo mengine, yeye akabaki. Mimi nilikuwa mtoto wa mwalimu, nazaliwa pale, nalala kwa mama yangu. Yeye alilala kwenye kibanda cha wachimbaji karibu na duara. Kwa kuwa alikuwa mwembamba, walimtuma mahali ambapo mabega ya mtu mzima hayapiti, kati ya matimba, akitoa mawe kwa mfuko. Kwa macho yake makubwa na shingo yake ndefu, baada ya mkanda ule kupita watoto wote tulimwita Iti. Hakukasirika. Naona hata alilipenda jina.

Iti ndiye aliyekuwa na hela. Shilingi hamsini zangu alizilipa yeye, mara ya kwanza na mara ya pili. Mimi mtoto wa mwalimu, mwenye viatu, niliingizwa bandani na mtoto asiye na viatu, na sikuwahi kujiuliza hamsini ile imetoka kina gani.

Mara zote mbili hatukuuona mwisho. Ya kwanza petroli iliisha pale kiumbe anapokutwa amelala kwenye kijito, mweupe kama aliyemwagiwa unga. Ya pili iliisha wakati madaktari wamejazana ndani ya nyumba na mavazi yao ya kujikinga. Tukatoka gizani bila kujua kama amekufa. Njiani Iti aliniuliza jambo moja tu: je, ile simu aliyoitengeneza kwa mwavuli na meno ya msumeno, kwao waliisikia?

Siku chache baadaye alikuja na ombi. Yeye hakujua kuandika, mimi nilikuwa darasa la nne na mwandiko wangu ulisifiwa. Alitaka nimwandikie mama yake barua, kwamba yuko Nyarugusu, ni mzima, mjomba ameondoka. Nyarugusu wakati huo haikuwa na simu ya mkononi hata ya kuonyesha. Barua zilipelekwa posta Geita na mtu anayesafiri, na huko kijijini kwao zilipitia sanduku la shule ya msingi. Alinitajia jina la kijiji na la shule, nikaandika kwenye daftari langu la Sayansi. Akanipa hela ya stempu na bahasha. Nikaandika mistari miwili ya mwanzo, kukaingia giza, nikasema nitamalizia kesho.

Kesho yake ubao wa chaki ulisema Iti anarudi kwa mara ya mwisho.

Naam. Nilikwenda peke yangu. Niliogopa kumwambia, maana angeuliza hela nimeitoa wapi. Na siku hiyo petroli ilitosha. Nikaona kiumbe anafufuka. Nikaona watoto wanakimbia kwa baiskeli, barabara imezibwa, watu wazima wamesimama na bunduki, na baiskeli zote zinainuka juu ya vichwa vyao. Nikaona kuagana msituni. Nililia mpaka mkalimani akanitania kwenye kipaza sauti. Ule mwisho ninaousimulia vizuri kuliko yote, ule ambao chuoni uliwatoa wasichana machozi, niliununua kwa stempu ya mtu mwingine.

Wiki haikuisha, duara likaporomoka. Walimtoa siku hiyo hiyo akiwa hai, nguo zina rangi ya udongo, mguu mmoja umekaa vibaya. Kabla ya kumpakia kwenye pikapu mwenye duara alituuliza sisi watoto tuliosimama pale: "Huyu kwao wapi? Nani anapajua?" Daftari la Sayansi lilikuwa kwenye begi langu, mgongoni. Nilijua kijiji, nilijua shule. Nikajua pia swali litakalofuata: kama ulikuwa na anwani na hela ya stempu, barua iko wapi? Nikakaa kimya. Pikapu ikaondoka, na Iti sikumwona tena.

Rafiki yangu mmoja mshairi, tunakunywa naye kahawa Mwanza, nilipomweleza haya alinikemea. Alisema najitesa bure. Mtoto wa miaka kumi hana hatia ya kufikishwa popote. Halafu akaongeza hoja nzito zaidi: kumbukumbu ndiyo mali pekee ya maskini isiyolipiwa kodi, sasa wewe unataka kuitoza? Kila tamu duniani kuna aliyeilipia. Sukari ya kahawa hii hujui nani kaikata. Ukianza kuuliza, hutakula wala hutakumbuka.

Nimeifikiria hoja yake kwa muda mrefu na sehemu moja naikubali. Yule mtoto simhukumu. Alikuwa na hofu, na hofu ya mtoto ni kubwa kuliko mwili wake. Lakini swali halimhusu mtoto. Linamhusu huyu mtu mzima mwenye ndevu aliyeisimulia hadithi ile miaka kumi na tano na kila mara akamwondoa Iti ndani yake, kwa ustadi, mahali palipoondolewa pasionekane. Mtoto alikaa kimya mara moja. Mimi nimekaa kimya kila niliposhangiliwa.

Hapa ndipo filamu yenyewe ilinishika shati. Nilipokuwa Mwanza, mwaka 2010, nilinunua diski ya E.T. barabarani, nikaiangalia usiku mzima wa mgawo wa umeme nikitumia kompyuta ndogo ya kuazima. Nikafika pale barabara imezibwa. Hakuna bunduki! Wale watu wameshika simu za upepo. Nikarudisha nyuma, nikaangalia tena. Nikajiambia basi, nimekosea, bunduki zile zilikuwa za mkalimani wetu, kama alivyoongeza machimbo na maafisa wa madini. Kumbe sikukosea. Mwaka 2002, filamu ilipotimiza miaka ishirini, Spielberg aliitoa upya na kwa kompyuta akawapokonya askari bunduki, akawapa simu za upepo, maana hakupenda tena kuona silaha zimeelekezwa kwa watoto. Nia njema kabisa. Ukitazama mikono lakini, naona mimi, bado imekaa kibunduki.

Baadaye alijuta. Mwaka 2012 filamu ilitolewa tena na bunduki zake zikarudi, na mwaka 2023, akizungumza New York, alisema alikosea, kwamba filamu ni alama za barabarani za kuonyesha tulikuwa wapi tulipozitengeneza, wala hazifai kurekebishwa ili zifanane na tulivyo leo. Namheshimu kwa hilo. Ni watu wachache husema nilikosea mbele ya umati kuhusu kitu ambacho kilishamletea sifa.

Utaniuliza, mbona mkalimani simlaumu? Naye aligeuza filamu, tena zaidi. Nimejiuliza hilo hilo. Naona yeye aliongeza, na aliongeza mbele ya macho yetu. Nusu ya banda walijua anabuni na ndiyo maana walicheka. Aliichukua hadithi ya watu wa mbali akatutia sisi ndani. Spielberg wa 2002 aliondoa, na kuondoa hakuachi kovu. Mtu asiyejua hawezi hata kuuliza. Hata hivyo sitaki kuifanya tofauti hii iwe safi kupita kiasi. Mkalimani naye alikuwa mchimbaji, aliona kila siku watoto wakiingia kwenye maduara, na kwenye vituko vyake vyote hakuwahi kututania kwa hilo. Kila mtu ana bunduki zake anazozifuta.

Kuna jambo jingine lililonisumbua zaidi, nalo ni la maneno. Kiswahili hakina neno moja la hali hii ya kutamani ya zamani. Tunazunguka na hamu, na ukiwa, na "enzi zile". Wazungu wanalo neno, nostalgia, nalo lilitungwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari huko Uswisi, akiunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kurudi nyumbani na maumivu. Alikuwa anataja ugonjwa. Ugonjwa wa vijana waliokwenda mbali na kwao, wakakonda, wakashindwa kula, kwa kutamani nyumbani tu. Baadaye neno likalegea likawa raha ya watu wanaokumbuka nyimbo na filamu za zamani.

Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini. Maana katika banda lile mgonjwa wa Hofer alikuwa mmoja, naye alikaa ubavuni kwangu. Mimi nilikuwa nyumbani. Mama alikuwa ananingoja na ugali. Ninachokiita leo kukumbuka nyumbani nilikijenga juu ya jioni ambazo mwenzangu alikuwa anaumwa nyumbani kwelikweli, na swali lake kuhusu ile simu ya mwavuli halikuwa swali la filamu.

Mwezi Januari 2017 mgodi mmoja wa Nyarugusu uliporomoka na watu 15 wakafukiwa chini, mmoja wao raia wa China. Taifa zima lilifuatilia. Walio juu walipata njia ya kupitisha bomba, na wale wa chini wakapandisha karatasi kwamba wako hai, wanahitaji chakula. Baada ya siku tatu hivi wakatolewa wote wazima. Nilikuwa natazama taarifa ya habari hotelini Mwanza, kijiko mkononi. Watu walipiga makofi. Mimi niliona karatasi tu. Miaka miwili nyuma yake, mwaka 2015, kule Nyangarata, Kahama, wachimbaji watano walikaa ardhini siku 41 kabla ya kuokolewa, wakila mizizi na wadudu, na hao hawakuwa na bomba wala karatasi. Sijui kwa nini hao hawakuniliza na hawa wa karatasi wakaniliza. Au najua.

Nisiseme kana kwamba ni mambo ya kale. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za namna hiyo kwa watoto. Mwaka 2013 Human Rights Watch walitoa ripoti nzima kuhusu watoto wanaoingia mashimoni na wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu katika machimbo madogo ya dhahabu nchini, Geita ikiwemo. Zebaki unaichanganya na mchanga ili ikamate dhahabu, kisha unaichoma, na moshi wake unaingia kwenye mishipa ya fahamu. Sisi tulikuwa tunaichezea viganjani kwa jinsi inavyokimbia. Hata hilo nimewahi kuliandika kama kumbukumbu tamu.

Mwaka jana dada yangu alinitumia mwanawe aje akae nami likizo. Nikamwekea E.T., ya bunduki. Wakati tunaangalia nikaanza hadithi yangu ya banda, ubao wa chaki, mkalimani, na mtoto, kwa udadisi wake wa kawaida, akauliza: "Anko, na hiyo hamsini ulikuwa unapewa na bibi?" Nikasema hapana. Akangoja. Nikamweleza yote, mpaka pikapu. Hakulia wala hakunilaumu. Aliuliza tu kama daftari bado lipo.

Lipo. Mama hakuwahi kutupa daftari la mtoto wake. Yote yako kwenye sanduku la bati, na panya wamekula Hisabati tu. Kwenye ukurasa wa mwisho wa Sayansi kuna jina la kijiji, jina la shule, na mistari miwili: mama mpendwa, salamu nyingi, mimi mwanao ni mzima, niko hapa Nyarugusu na, halafu hakuna kitu.

Nilinakili mistari ile kama ilivyo kwenye karatasi mpya, na chini yake nikaandika mimi ni nani, ilikuwa mwaka gani, nini kilitokea na nini nilikifanya. Ilikuwa kurasa tatu. Nikaenda posta Geita. Karani, dada wa umri wa miaka ishirini na kitu, aliisoma anwani akasema siku hizi watu hawaandiki tena barua kwa sanduku la shule, kwa nini nisipige simu. Nikamwambia namba sina. Akaipima, akauliza ya haraka au ya kawaida.

Nikasema ya kawaida, nikatoa hela.